Kelele Isiyobisha Hodi

Mwaka 1943 mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, ulikuwa na umri wa miaka 6, na shaba ya Katanga ilikuwa ikipakiwa kwenda kwenye viwanda vya silaha vya Uingereza na Marekani. Mwaka huohuo, mbali kabisa na migodi hiyo, daktari wa akili za watoto mjini Baltimore, Leo Kanner, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao hali yao aliipa jina la otisimu, hali ambayo Waswahili wa leo wanaiita usonji. Kati ya mengi aliyoyaandika, alieleza kwamba watoto hao waliviogopa vitu ambavyo wenzao hawakuvijali: mashine ya kufyonza vumbi, lifti, kipigio cha mayai, hata upepo. Halafu akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Kelele yenyewe, alisema, siyo inayomtisha mtoto, maana mtoto huyohuyo aweza kupiga kelele kubwa vilevile kwa mikono yake na akafurahi. Kinachomtisha ni kelele inayomwingilia. Sisi tungesema: kelele isiyobisha hodi. Katika kambi za wafanyakazi wa Kolwezi mashine za kufyonza vumbi hazikuwapo. Palikuwa na mitambo ya kusaga mawe, treni, baruti, na mvua ya Desemba inayoshuka juu ya mabati. Hoja ya makala hii ni kwamba mji huu tangu kuzaliwa haukuwahi kuwa kimya, na kwamba mtoto mwenye masikio makali hakuharibikiwa na ukubwa wa kelele zake. Aliharibikiwa pale kelele hizo zilipopoteza saa.

Hoja hiyo inahitaji kwanza maneno. Usonji ni neno la mashariki. Tanzania na Kenya wanalizoea, lakini katika Kiswahili cha Katanga, ambacho ni lugha ya mgodi, soko na jikoni, wazazi wengi waliofika kwa daktari hurudi na neno la Kifaransa tu. Kwa hofu, hata hivyo, lugha yetu ni tajiri. Wasiwasi lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono: sauti ndogo isiyokoma, isiyokuacha ulale. Mawazo nalo ni neno la ajabu. Mtu akisema fulani ana mawazo, hamsifu kwa kufikiri, anasema ana mzigo moyoni. Inaonekana wazee waliounda misemo hii walijua kwamba woga una sauti. Sayansi imechukua muda mrefu kufika hapo. Hadi mwaka 2013 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoingiza ukali au uzito wa hisi (sauti, mwanga, mguso, harufu) katika alama rasmi za usonji, miaka 70 baada ya Kanner. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu watoto 4 kati ya 10 wenye usonji wana wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Shulamite Green na wenzake, waliowafuatilia watoto wadogo kwa muda, waliripoti mwaka 2012 kwamba ukali wa hisi ndio unaotangulia na kuuzidisha wasiwasi. Kinyume chake hakikuonekana. Watafiti wa Newcastle nao wakaonyesha mwaka 2015 kwamba kati ya hisi kali na wasiwasi pana kiungo cha tatu, nacho ni kushindwa kuvumilia kutojua nini kitatokea. Kiungo hicho ndicho kinachonirudisha Lualaba, mkoa wa Kolwezi, kwa sababu mji mzima unaweza kujengwa juu ya kujua nini kitatokea, na mji huohuo unaweza kulipoteza jambo hilo katika kizazi kimoja.

Kabla ya kampuni, shaba ilikuwa na msimu. Mafundi wa Wasanga na majirani zao, wale ambao Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliwaandika mwaka 1926 kama walaji wa shaba, waliyeyusha madini wakati wa kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa na mvua ikiwa mbali. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba, mafundi wakajenga tanuri za udongo na kuvuta mivukuto. Kazi hiyo ilikuwa na moto, moshi, nyimbo na vishindo, na pia ilikuwa na miiko: nani asogelee tanuri, nani akae mbali, siku gani. Sitaki kumvika mtoto wa karne ya 19 vazi la uchunguzi wa leo, na sidai kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Nchi ya Msiri, aliyeitawala Katanga wakati huo, haikuwa mahali pa upole. Ninalosema ni dogo zaidi. Kishindo cha shaba kilikuwa na mwezi wake, kilitangazwa na mwenye mamlaka, na mvua ya kwanza ilikifunga. Mtoto aliyeziba masikio aliweza kuambiwa, na ikawa kweli, kwamba kitu hiki kina mwisho.

Kampuni yenyewe, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka 15 hivi iliendesha migodi yake kwa vibarua walioletwa kwa miezi michache, wakafa kwa wingi au wakatoroka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili njia. Mfanyakazi sasa alipewa mkataba wa miaka 3, akashawishiwa kuja na mke, na watoto waliozaliwa kambini wakahesabiwa kama wafanyakazi wa kesho. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kando ya reli ya kwenda Dilolo na Angola, ilizaliwa ndani ya mpango huo ukiwa umeshakomaa. Nyumba za matofali zilipangwa kwa mistari, kwa kipimo kimoja. Posho iligawiwa kwa siku maalumu. Zamu zilibadilishwa kwa saa maalumu, na king'ora kilichowaita baba kazini kiliwaamsha pia mama na watoto ambao hawakuandikwa kwenye daftari lolote la zamu. Wanahistoria wa Katanga, na hasa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, wameonyesha jinsi kampuni ilivyoingia katika ndoa, chungu na kitanda cha mfanyakazi, hata watu wakasema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Jambo moja lililo wazi katika maelezo hayo limepewa uzito mdogo: baba na mama huyu alikuwa na saa mkononi. Kishindo cha mtambo wa kusaga mawe kikiendelea usiku na mchana kwa mlio uleule, masikio hukizoea, hata yaliyo makali. King'ora kinachotangulia zamu ni ukali, lakini ni ukali unaobisha hodi.

Je, kampuni ilimjua mtoto wa namna hii? Ilijua uzito wake. Katika kliniki za watoto wachanga mama walitakiwa kuwaleta watoto wapimwe kwenye mizani, na malezi yakaangaliwa kwa jicho la msimamizi. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia sera hiyo kwa miaka mingi na kuandika taarifa yake mwaka 1946, aliamini kwamba Mwafrika mtu mzima ana roho ya mtoto, ambayo mwalimu mwema huifinyanga. Hapo pana kejeli isiyohitaji kutiwa chumvi: anayewaona watu wazima wote kama watoto hana jicho lililobaki la kumwona mtoto. Miaka ya 1950 kampuni ilipiga hatua nyingine ikafungua kituo cha saikolojia na elimu, ambako wataalamu kama Paul Verhaegen na J. L. Laroche walipima uwezo wa Waafrika kwa ajili ya shule na kazi. Mwaka 1959 Laroche alichapisha matokeo ya watoto wa Katanga waliorudia mara kadhaa jaribio la Raven, lile la mwaka 1938, ambalo mtoto huonyeshwa ruwaza yenye pengo na kutakiwa achague kipande kinacholijaza. Alitaka kujua kurudia kunabadilisha nini. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2007, Michelle Dawson na wenzake nchini Kanada walitumia jaribio hilohilo kwa watoto wenye usonji, na wastani wao ukapanda kwa nafasi 30 kati ya 100 kuliko walivyopata katika majaribio ya maneno na maelekezo ya mdomo. Kifaa cha kuutambua uwezo wa mtoto asiyesema, asiyetazama machoni, kilikuwa mezani Katanga tangu enzi za Wabelgiji. Kilitumika kuchagua nani afundishwe kazi gani.

Msomaji wa Kolwezi ataanza kunitilia shaka hapa, na ana haki. Atasema: unamsifu mkoloni kwa king'ora chake. Aliyefukuzwa kazi alipoteza na nyumba siku hiyohiyo. Mwaka 1941 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi. Na ule utaratibu wa posho na mizani ulikuwa minyororo iliyopakwa chokaa. Yote ni kweli, na sina la kupunguza. Saa ya kampuni iliwekwa kwa ajili ya shaba, haikuwekwa kwa ajili ya mtoto yeyote. Lakini kusudio la chombo na athari yake ni vitu viwili. Reli ya Benguela ilijengwa ili kuitoa mali nje, na bado wanakijiji waliipanda kwenda kuwaona ndugu. Ratiba ya kambi ilijengwa kuwatawala watu wazima, na bado ilimpa mtoto aliyeogopa yasiyojulikana kitu adimu: siku inayofanana na jana. Ilimnyang'anya vingine. Shule ya misheni yenye mistari, makofi na kiboko haikumwacha aketi kwenye kona yake, na nyumba za ukutani kwa ukuta hazikumpa pa kujificha. Kumbe basi hukumu ya haki juu ya enzi ile ni kwamba ilikuwa na kelele, ilikuwa na ukatili, na ilikuwa na saa. Ukatili ndio ulistahili kuondoka.

Palikuwepo pia, katika Kolwezi hiyohiyo, mahali pamoja ambapo moyo wa mfanyakazi ulisemewa kwa lugha yake. Padre Mfransisko Placide Tempels, aliyekwisha kuandika juu ya falsafa ya Wabantu, alikuwa akifanya kazi katika kambi za Kolwezi miaka ya 1950, na hapo ikazuka Jamaa, umoja wa mume na mke na padre uliosambaa migodini kote. Johannes Fabian, aliyeichunguza baadaye, anaonyesha jinsi mafundisho yake yalivyosimama juu ya maneno ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo, na kuyazunguka yote, mawazo. Watu walifundishwa kuyatoa mawazo nje, kuyasema, kuyabeba wawili. Naitaja Jamaa kwa sababu inavunja dhana kwamba elimu ya hofu ni bidhaa ya kuagizwa. Msamiati ulikuwepo mgodini. Ulikuwa wa wazazi. Watoto hawakukaribishwa kwenye mazungumzo hayo, na uzazi uliosifiwa ulikuwa uzazi wenye matunda yanayoonekana.

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na mrithi wake, Gécamines, akaiweka saa ileile ukutani. Vita vya Mei 1978 mjini Kolwezi viliisimamisha kwa muda. Kilichoivunja ni kitu cha polepole zaidi. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka; uzalishaji uliokuwa umepita tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ukaanguka hadi chini ya sehemu moja ya kumi kabla ya muongo kuisha; mwaka 1992 na 1993 Wakasai wakafukuzwa, na nyumba zao zikabaki na milango wazi. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Unga ukakoma. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la kuondoka kwa hiari, jina ambalo sijakutana na mtu wa Kolwezi analolitamka bila kutabasamu. Hapo ndipo siku iliacha kufanana na jana. Baba aliyekuwa akirudi saa moja inayojulikana sasa alirudi alipopata, au hakurudi. Chakula kilichokuwa kikija kwa gunia kilikuja kwa kipimo cha jioni hiyo. Kwa mtoto ambaye ladha moja na sahani moja ndizo ngome yake, huo ni msiba ambao hakuna aliyeuhesabu.

Halafu kelele zikarudi, zikiwa na bwana mpya anayeitwa bei. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa wachimbaji wadogo na kwa makampuni makubwa kwa pamoja. Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya kiwanja kimoja cha mtaa wa Kasulo, na kwa muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo: watu walichimba uani, walichimba sebuleni, mashimo yakaungana chini ya vitanda. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni ya Kichina. Bei ya kobalti duniani ilipanda mwaka 2018 hadi kupita dola 90,000 kwa tani, na katikati ya mwaka uliofuata ilikuwa chini ya theluthi ya hiyo. Kila bei ilipopanda, magunia, pikipiki, malori ya kwenda Kasumbalesa na jenereta viliongezeka. Ilipoanguka, vilinyamaza ghafla. Mgodi wa wazi wa kampuni ya COMMUS umeusogelea mji hadi kwenye mitaa ya Cité Gécamines, na Amnesty International, katika ripoti yake ya mwaka 2023 iliyoandaliwa pamoja na shirika la Lualaba la IBGDH, iliandika jinsi wakazi walivyohamishwa kuupisha. Ukitaka kujua mlipuko wa baruti ni nini kwa mtoto mwenye hisi kali, usiishie kwenye sekunde ile ya kishindo. Hesabu saa zote kabla yake, akiwa hajui kama kitakuja sasa, au baadaye, au kesho. Wasiwasi hukaa katika saa hizo.

Nyufa za ukuta huonekana, na watu huzipigia picha. Ufa wa mtoto hutafutiwa maelezo kwingine. Katika miaka hiyohiyo ambayo kampuni ilianguka, Kongo iliingia katika wimbi la kuwatuhumu watoto kwa bulozi, yaani uchawi. Human Rights Watch, katika ripoti ya mwaka 2006 iliyogusa Lubumbashi pamoja na miji mingine, ilieleza watoto walivyofungiwa katika makanisa ya uamsho, wakanyimwa chakula, wakapigwa ili wakiri. Utafiti wa UNICEF wa mwaka 2010 ulioandikwa na Aleksandra Cimpric uliwataja waziwazi watoto wenye usonji miongoni mwa wanaoshukiwa: anayejitenga, asiyejibu akiitwa, anayepiga mayowe bila sababu inayoonekana. Tafakari tiba anayopewa. Mtoto anayeumizwa na sauti anazungukwa na ngoma, vipaza sauti na watu wanaopiga kelele usiku kucha. Anapojikunja na kulia, kilio chake kinachukuliwa kuwa ushahidi kwamba pepo ameguswa. Mtu akitaka kubuni namna ya kuthibitisha uongo huu kila mara, hatapata iliyo bora. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, imekataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imeweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Sheria ni nzuri. Lakini sheria humwambia mzazi asiseme nini. Haijampa la kusema badala yake, na mzazi asiye na neno atarudi kwa mwenye neno.

Wapo watakaosema usonji ni maradhi ya Wazungu na kwamba watoto wetu hawakuwa nayo. Wazo hili lina historia yake, na limetoka kwa Wazungu wenyewe: wazazi wa watoto wa Kanner walikuwa wasomi, kwa kuwa wasomi ndio waliojua njia ya kufika kwake, na kwa muda mrefu watu wakadhani ugonjwa unachagua nyumba zenye vitabu. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika taasisi za miji 9 ya nchi 6 za Afrika, Kenya na Zambia zikiwamo, Zambia ambayo ukanda wake wa shaba umepakana na Katanga. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 aliwathibitisha 9 tu. Namba hiyo imetumika kuonyesha uchache. Mimi naisoma kwa namna nyingine: Lotter aliwatafuta mahali ambapo taasisi ziliwaweka, na watoto wengi wa Afrika hawakuwekwa kwenye taasisi, waliwekwa chumba cha nyuma au walikwenda shambani na bibi. Tangu hapo madaktari wa Dar es Salaam na Kampala wamewaona na kuwaandika. Hakuna mpaka wa kijiolojia unaoizuia hali hii isifike Kolwezi.

Pingamizi lingine linatoka upande wa pili, na linavutia zaidi: kwamba ni sumu ya madini. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba watoto wa Kasulo wana nyingi kuliko hata watu wazima. Ni kazi ya heshima na inatosha yenyewe kudai hatua. Lakini ilipima kobalti, haikupima usonji, na anayeruka kutoka kwenye mkojo hadi kwenye tabia ya mtoto anamtwika Banza maneno ambayo hakuyasema. Naona hatari ya pili pia. Tukisema usonji ni sumu, mtoto anageuka ushahidi wa kesi, na tutamhitaji abaki mgonjwa hadi kesi iishe. Vumbi lipigwe vita kwa sababu ni vumbi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito. UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Katanga, takwimu iliyorudiwa sana baada ya ripoti ya Amnesty ya mwaka 2016. Mahali penye watoto wanaobeba magunia, kuzungumzia masikio si anasa? Nimelipima swali hili na nadhani limepinda. Linachukulia kwamba mtoto mwenye usonji ni mwingine, amekaa nyumbani akilindwa, wakati mwenzake yuko shimoni. Katika nyumba iliyofilisika na Gécamines watoto hao ni ndugu, pengine ni mtoto mmoja. Asiyeweza kuvumilia darasa lenye watoto 60 chini ya mabati huacha shule mapema. Anayeacha shule Kolwezi anajulikana anakokwenda. Isitoshe, msaada wa kwanza anaouhitaji hauna gharama ya kobalti wala ya dola. Hauhitaji chumba chenye taa za rangi kama vile vya Ulaya. Unahitaji kuambiwa kabla: kesho hatuendi shule, leo mvua itapiga bati, jioni shangazi atakuja na atakugusa kichwa. Kampuni ilifanya hivyo kwa king'ora kwa ajili ya watu wake bila kumpenda yeyote. Bibi wengi wanafanya hivyo kwa upendo bila kujua kwamba ni tiba.

Tarehe 3 Mei 2022 Kongo ilipata sheria yake ya ulinzi wa watu wenye ulemavu, na Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi, pana kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Safari hiyo ni ndefu kwa mtoto anayeogopa honi. Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa walio karibu zaidi. Enyi mnaolipua miamba kando ya mitaa ya Kolwezi, saa ya kulipua mnaijua, kwa maana bila kuijua hamuwezi kuwaondoa wafanyakazi wenu shimoni. Iandikeni kwa Kiswahili, wiki nzima kwa mara moja, ibandikwe kwenye mlango wa shule, wa zahanati na wa kanisa, isomwe redioni asubuhi, na mkiibadili semeni mmeibadili.